Mstari wa Saba

...mtu mwingine, asiye mzazi, anayeishi mjini hapa, anayeweza kufika shuleni ndani ya saa moja, jina, uhusiano, namba ya simu, mstari wa saba, na kalamu yenyewe imefungwa kwa uzi kwenye dirisha la karani kana kwamba sisi wazazi ndio wezi wa kalamu, uzi mfupi, huwezi kuandika mpaka uiname, na mimi nimeinama hapa dakika tano nzima kama mtu aliyeangusha sindano, mistari sita ya juu nimeijaza bila shida, jina la mtoto, darasa la tatu, jina na namba ya baba, kazi ya baba, msoma mita za maji, jina la mama, namba ya mama, ambayo ukiipiga mchana huita mpaka ichoke kwa sababu mama yuko kazini maabara, katika mji mwingine, safari ya saa sita, na huko simu zao hukaa kwenye droo mpaka jioni, halafu huu wa saba, mtupu, mweupe, na karani amenirudishia fomu kwa vidole viwili, akaniambia polepole, kwa sauti ya mtu anayemsitiri mwenzake mbele ya watu, "Baba, safari hii tuandikie mtu. Mtu kweli." Nikaitikia, ndiyo mama, mtu kweli, nikacheka kidogo, yeye hakucheka, na nyuma yangu kuna foleni, aliposema mtu kweli mmoja wao akakohoa, wanajua, au hawajui, wanajuaje, labda wao wamekuja kwa mambo ya sare tu... Ningeweza kuandika jina lolote sasa hivi. Hapana. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Maana mwaka jana, kwenye mstari huu huu, nilikuwa na haraka, nilikuwa na nyumba themanini za kusoma kabla ya mchana, nikaandika Mjomba, uhusiano mjomba, namba ya simu laini yangu ya pili, na wallahi sikuona kama ni uongo, kila mtu ana laini mbili, moja ya kazi, moja ya nyumbani, zote ndani ya simu moja, nikajiambia atakayekuja ni mimi tu, kuna ubaya gani wakinigongea mlango wa mbele au wa nyuma, na wajomba wa kweli wapo, kaka zake mke wangu, watatu, watu wazuri, lakini wako mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo nikamtengeneza mjomba wa karibu, mjomba asiyelala, asiye na shughuli zake, nikapita barabarani nikicheka peke yangu kwa ujanja ule. Mwaka mzima hakuna aliyempigia Mjomba. Mwaka wa pili ukafika katikati. Halafu Jumanne iliyopita binti yangu akashikwa na homa saa tatu asubuhi, karani akampigia baba, akampigia mama, akampigia Mjomba, na mimi wakati huo niko ndani ya shimo la mita katika uwanja wa watu, nimelala kifudifudi, mkono wote umezama kwenye matope natafuta bomba linakovuja, na simu iko kwenye mkoba, mkoba uko kwenye pikipiki, pikipiki iko getini, siingii na simu shimoni tangu ile ya kwanza iliponitumbukia ikafa... Nilipotoka ilikuwa saa saba. Simu kumi na nne ambazo hazikupokelewa. Saba za laini ya kwanza, saba za laini ya pili, saba za baba na saba za mjomba, zimepangana pale kwenye kioo kimoja.

Benchi lenyewe hili hapa kushoto kwangu, sitaki kulitazama, ndipo alipolala, saa nne nzima, amefunikwa sweta la mama mfagizi, na waliponiona ninaingia na matope hadi begani hakuna aliyenigombeza, afadhali wangenigombeza, na mwanangu akafumbua macho akasema, "Nilijua utakuja ukimaliza mita." Hakulia. Mtoto wa miaka minane amepanga homa yake ifuate ratiba ya kazi yangu. Nilimbeba hadi kwenye pikipiki nikamfunga mbele yangu kwa koti la mvua na njia nzima nilikuwa naongea, nasema pole, nasema baba yupo, nasema leo tutanunua juisi, na yeye kichwa kinapiga kifuani mwangu kwa joto, kimya, yeye ambaye nyumbani tunamwita Kasuku... Karani ndiye aliyeniambia baadaye, wala hakusema kwa ubaya, kwamba walimuuliza mtoto, mjomba wako anakaa wapi tumtume mtu akamwite, naye akawajibu, mjomba anakaa ndani ya simu ya baba. Kumbe alijua. Sijui alijua tangu lini. Watoto hukaa na uongo wetu wakauzoea, kama kiti kibovu ambacho kila mtu nyumbani anajua namna ya kukikalia.

Haya, andika basi, nani, kinyozi, kinyozi ananijua, miaka tisa ananishika kichwa, anajua kovu langu nyuma ya sikio, lakini mimi kinyozi nimemweka kwenye simu kama Kinyozi, na jana jioni baada ya watoto kula nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikapitia simu nzima, majina mia mbili na zaidi, Fundi Bomba, Fundi Bomba Yule Mrefu, Gesi, Fundi Friji, Meno, Msimamizi, Duka Kona, Usimpokee Huyu, mji mzima umo humo na hakuna mtu hata mmoja, ni kazi tu zimepangwa kwa alfabeti, na mimi pia najua nimo kwenye simu zao, wananiita Mita, habari za leo Mita, Mita pita mbwa amefungwa, mwanangu wa kiume, yule wa miaka minne, akienda dukani na dada yake wanamwita Mita Mdogo, anafurahi, anadhani ni jina la ukoo. Msimamizi je... msimamizi atasema yuko kikaoni, huyo hata akiwa chooni yuko kikaoni. Jirani mpya wa kushoto, habari, nzuri, za kwako, nzuri, geti linafungwa. Watu wa ibada tunapeana mikono, tunaambiana tuonane wiki ijayo, na wiki ijayo tunaonana, tunaambiana hivyo hivyo.

Ndivyo mji huu ulivyo, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mke wangu, si mji mkubwa ambao mtu angesema aa, hapa watu wana haraka, wala si mji mdogo ambao mtoto akianguka barabarani ataokotwa na shangazi, ni mji wa katikati, una mzunguko mmoja wa barabara wenye saa iliyosimama, una vituo vitatu vya mafuta, unakutana na mtu yule yule mara mia bila kumjua, na tulikuja kwa muda, tulisema hivyo tangu siku ya kwanza, tupo kwa muda, ndiyo maana mapazia tukayapigilia misumari badala ya kununua fimbo zake, ndiyo maana sebuleni kuna viti vinne tu, vya kwetu, mgeni akija mmoja wetu angesimama, lakini hakuja mgeni, watoto wawili wamezaliwa chini ya mapazia ya misumari na bado tuko kwa muda. Jumamosi nawatembeza hadi kwenye mzunguko, tunahesabu magari mekundu, tunarudi. Saa mbili usiku mama yao anapiga, wanagombania simu, Kasuku anamwonyesha daftari, Mita Mdogo anaonyesha meno yote kama anauza, halafu mama yao anasema nipe baba, na mimi nachukua simu, naambiwa vipi, nasema salama, anasema kweli salama, nasema salama kabisa, hata Jumanne ile nilisema salama, ukweli nilimwambia kesho yake...

"Baba, umepata?" karani huyo, nasema bado mama, namalizia, eti namalizia. Mlango umefunguka nyuma, upepo umeingia, viatu vya mtu, sauti ya mama mmoja inauliza foleni ya mstari wa saba ni ipi, na karani anamjibu juu ya kichwa changu, ni hiyo hiyo mama, shika foleni, na mimi naendelea kutazama karatasi. Kumi. Nyumba yangu siku hizi inatumia uniti kumi kwa mwezi, zamani kumi na nne, nilijisomea mwenyewe mita yangu mwezi uliopita, nikafunua kifuniko, nikapangusa kioo kwa kitambaa kama ninavyofanya kwa watu, nikaona pengo la mke wangu limeandikwa pale, uniti nne, na mimi hizo ndizo habari zangu, hivyo ndivyo ninavyojua mji, nyumba ikipata mtoto mchanga namba hupanda, saba, nane zaidi, ni nepi hizo, mume akihama hushuka, mgonjwa akifa hushuka ghafla, vijana wakifunga shule hupanda tena, nyumba mia nne na kumi, najua nani ameachwa kabla dada zake hawajajua, najua, naandika tarakimu, nafunika kifuniko, naenda nyumba ya pili, sijawahi kugonga nikasema pole. Ningesema pole, wangeuliza nimejulia wapi. Mama yangu alitulea hivyo, usigonge kwa watu wakati wa chakula, usiombe chumvi, usiwe mzigo, na nimekua nikitembea kati ya watu kama mtoto aliyetumwa na glasi iliyojaa pomoni, nisimmwagie mtu, nisimguse mtu, na nilijisifia, mimi sisumbui watu, nilisema hivyo kama cheo.

Mshonaji. Nilikuwa nazunguka nisifike kwa mshonaji, na ndiye huyu nimefika. Tulipakana ukuta kwa ukuta miaka mitatu, cherehani yake ilikuwa inalia upande wa kichwa cha kitanda chetu, mumewe alikuwa akifanya kazi mbali na kurudi mara moja moja, kama ilivyo kwetu sasa, na mwanawe alisoma hapa hapa, shule hii. Siku moja alimwona Kasuku anajikwaa kwenye sketi ya shule, tuliinunua kubwa ili adumu nayo, akamwita, akampandisha kwenye kigoda, akaipinda upindo akiwa na pini mdomoni, dakika kumi, hakutaka asante, akasema nitaishusha akirefuka. Nikaona deni. Mtu mwingine angeona jirani, mimi nikaona deni, nikawa napita haraka mlangoni kwake. Halafu jioni moja akagonga, amevaa futi ya kupimia shingoni, ameshika karatasi, nayo ilikuwa hii hii, fomu hii, akasema jirani, naomba nikuandike hapa mstari wa saba, ni kwa ajili ya dharura tu, sitarajii kitu. Na mimi nikiwa nimesimama mlangoni kwangu, mkono mmoja kwenye kitasa, nikamjibu kwa adabu zote, nakumbuka adabu hizo, nikamwambia dada, kazi yangu ni ya kuzunguka, mara niko shimoni, simu siipati, utaniandika bure nikuangushe, tafuta mtu aliyetulia. Nikacheka kidogo, vile vile nilivyocheka sasa hivi. Akasema haya, hamna shida, akaikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kuenea kiganjani, akaenda zake, hatua sita, mlango wake. Mke wangu alikuwa ndani akipiga pasi, akasema bila kuinua macho, ungekubali tu, mstari wenyewe hauumi. Nikamweleza kuhusu uaminifu. Nilimweleza mke wangu kwamba ni uaminifu kukataa unachoweza kushindwa. Akageuza shati akapiga upande wa pili.

Baada ya hapo salamu ziliendelea, ila chumvi ilitoka, na mwaka uliofuata wakahama, mkokoteni ukaja mchana nikiwa kazini, jioni cherehani haikulia, na upindo wa sketi sasa nimeushusha mwenyewe kwa wembe na uzi mweusi, mshono unapanda na kushuka, Kasuku anauficha kwa mkono akisimama mstarini... Sikujua aliandika nani mwishowe. Hata sikujiuliza. Labda naye alisimama dirishani hapa ameinama na kalamu hii ya uzi, akifikiria mlango wangu, karani akimwambia mama umepata, naye akisema bado. Nami miaka yote nikasema mji huu hauna watu. Nikiwauliza watoto wangu wenyewe watasema hivyo hivyo, hapa hatuna watu, wamelisikia kwangu, nimewafundisha pamoja na kufunga kamba za viatu. Mkono mmoja haulei mwana, tuliimbishwa hivyo shuleni, na mimi nikasubiri mkono wa pili uje wenyewe, uje umeoshwa, usiniombe kitu. Naona haya. Si haya ya mjomba wa simu, hiyo ni aibu ya kuchekesha, nitaizoea, hii ni nyingine. Uliza basi vizuri, mtu mzima wewe... si nani atakuja kwa mwanangu. Mimi nimewahi kutoka shimoni kwa ajili ya mtoto wa nani?

Foleni ya mstari wa saba. Yule mama aliuliza foleni ya mstari wa saba ni ipi, na karani akasema ni hiyo hiyo. Hiyo hiyo ipi. Hii. Nimenyanyua mgongo, umelia, nimegeuka, mara ya kwanza tangu niingie, na ni watu saba, wanane na yule mama wa mlangoni mwenye mtoto mgongoni, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi na simu mkono wa pili, na vidole gumba vinapanda na kushuka kwenye vioo, taratibu, juu mpaka mwisho, chini mpaka mwanzo, naujua mwendo huo, ndio wa kwangu wa jana kwenye ukingo wa kitanda, wote hawa, hakuna aliyekuja kwa sare, kumbe shule imetuita wote kwa mstari huu, hakuna anayemsikiliza mtu wala kumcheka mtu, hawana nafasi, kila mmoja anatafuta. Na hawatazamani. Bega kwa bega, pumzi ya huyu inampiga yule kisogoni, na kila mmoja anatafuta kwenye kioo. Nikitaka kucheka nitalia, na nikitaka kulia watanisogezea benchi lile. Aliye nyuma yangu kabisa ni mlinzi, bado amevaa sare za lindo, macho mekundu, amesimama wima namna ya mtu aliyezoea kulala amesimama, namwona mara kwa mara, yuko kwenye geti la ghala, njia yangu ya tatu, hunifungulia bila neno na kunifungia bila neno, karatasi yake ameishika kwa chini na naweza kuisoma, mistari sita imejaa, mwandiko mzuri kuliko wangu, mtoto wake darasa la tatu. La tatu. Huenda anakaa dawati moja na Kasuku. Wa saba mtupu.

Rudi kwenye dirisha, andika Kinyozi, nenda kazini, kuna nyumba sitini zinakungoja... "Ndugu," nimesema, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, "kama hujapata mtu, niandike mimi." Ananitazama. Nadhani hajaelewa, nadhani atasema nini wewe, nasema tena, haraka haraka, mimi nazunguka na pikipiki mji mzima, popote nilipo nafika ndani ya nusu saa, simu nitakaa nayo mfukoni, hata shimoni nitaingia nayo, ikifa ife, na wala si lazima wewe uniandike... namaanisha si lazima na mimi nikuandike wewe, kama hutaki, mimi nimeomba kuandikwa tu. Vidole gumba viwili vitatu vimesimama kwenye foleni. Karani ameweka chini kikombe. Mlinzi ameniangalia viatu, ameniangalia uso, kwa ile kazi yake ya kuangalia watu, na nimesimama nikiangaliwa, sijasimama hivyo siku nyingi, na fomu yangu bado iko dirishani na mstari wake mweupe, na uzi wa kalamu unaning'inia, halafu ameilaza karatasi yake kwenye kiganja, akanyoosha mkono akaivuta kalamu mpaka uzi ukakaza, hautoshi kumfikia, amesogea mbele, mimi nimesogea pembeni, bega lake limegusana na langu, ameandika namba yangu ninavyoitaja, ameandika jina ninavyolitaja, halafu ameinua kalamu, ameniuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kuandika kitu cha kweli, "Na hapa kwenye uhusiano, tuweke nani?" na tumesimama hapa wawili tunafikiria.